Jinsi ya Kuwafundisha Wanafunzi Kutafiti Mtandaoni na Kupima Vyanzo: Mwongozo kwa Walimu wa Sekondari

Walimu wanaoanza kuwapa wanafunzi kazi za utafiti wa mtandaoni huuliza maswali yaleyale. Je, Wikipedia iruhusiwe au ipigwe marufuku? Mwanafunzi aliyenakili ukurasa mzima na kuubandika kwenye kazi yake afanyiwe nini? Na utafiti wa mtandaoni utafundishwaje katika shule ambayo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, huku kompyuta zinazofanya kazi zikiwa hazifiki kumi? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata kazi moja halisi tangu mwanzo hadi kusahihisha, ili uweze kuifanya darasani kama ilivyo na baadaye kuigeuza kwa mada nyingine.

Kazi yenyewe ni swali moja la historia: ni watu wangapi walikufa katika Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa nchi yetu, Tanzania, kati ya 1905 na 1907 wakati ikiwa koloni la Ujerumani? Nimelichagua kwa sababu mtandaoni lina majibu mengi yanayopingana. Ukurasa mmoja utasema 75,000, mwingine 250,000, wa tatu 300,000, na kila idadi kati ya hizo ina mtu aliyeitoa na sababu ya kuitoa. Mwanafunzi hawezi kulimaliza swali hili kwa kunakili mstari mmoja. Analazimika kuuliza nani alihesabu, alihesabu nini, na alipata wapi habari zake.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

• Vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, kwa hatua ya 1 hadi ya 4, na vingine viwili wiki inayofuata kwa hatua zilizobaki. Usijaribu kuyabana yote katika siku moja, kwa maana hatua ya 4 na ya 5 ndizo zenye kazi kubwa na ndizo zinazokatwa kwanza muda unapopungua.

• Kompyuta moja kwa kila wanafunzi watatu au wanne. Napendekeza vikundi hata pale ambapo kompyuta zinatosha, kwa sababu mwanafunzi anayelazimika kumweleza mwenzake kwa nini anauamini ukurasa fulani hufikiri kwa sauti, nawe ukipita kati ya meza unasikia anavyofikiri. Ikiwa kompyuta ni moja tu, iunganishe na projekta na uwaite wanafunzi mmoja mmoja kuiongoza. Ikiwa hakuna kabisa, tumia simu yako usiku uliotangulia: chapisha ukurasa wa matokeo ya utafutaji na kurasa tano au sita zilizotokea humo, uzigawe kwa vikundi, na hatua zote zitafanyika kwa karatasi na kalamu.

• Kurasa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta kwa muundo wa PDF, endapo bando litaisha au mtandao utakatika. Shule isiyo na intaneti ya uhakika inaweza pia kupakua programu ya bure ya Kiwix, ambayo huhifadhi Wikipedia kwenye diski na kuifungua bila intaneti.

• Karatasi ya kumbukumbu ya utafiti kwa kila kikundi. Chora safu tano: maneno tuliyotafuta; anwani ya ukurasa na tarehe tuliyoufungua; nani anasema; anasema nini, kwa maneno yetu; amelipata wapi. Karatasi hii ndiyo moyo wa kazi, na ndiyo utakayoisahihisha.

• Ruhusa ya mkuu wa shule, na mpangilio wa utafutaji salama uliowashwa katika kila kivinjari.

• Saa moja ya muda wako mwenyewe. Lifanyie utafiti swali lile siku iliyotangulia, kwa kompyuta zilezile watakazotumia wanafunzi. Matokeo ya utafutaji hubadilika, na mwalimu aliyeyaona jana hawezi kushtushwa mbele ya darasa.

HATUA KWA HATUA

1. Wape swali badala ya mada.

Ukiandika ubaoni "Fanyeni utafiti kuhusu Vita vya Maji Maji", umewaagiza wanafunzi wanakili. Mada pana haina mahali pa kuishia, kwa hiyo mwanafunzi hukusanya aya zilizo karibu na kuziunganisha. Kabla ya kulitoa swali lolote, lipime hivi: je, linaweza kujibiwa kwa sentensi moja iliyonakiliwa? Kama linaweza, liongezee sehemu ya pili. Kwa kazi yetu, swali kamili linakuwa hivi: "Ni watu wangapi walikufa katika Vita vya Maji Maji, na kwa nini vyanzo havikubaliani?"

Kompyuta zikiwa bado zimezimwa, kila kikundi kiandike juu ya karatasi yake nani atahesabiwa kuwa alikufa katika vita hivyo: waliouawa kwa risasi peke yao, au pia waliokufa kwa njaa iliyofuata? Wengi watajibu upesi bila kulifikiria. Waache waandike, kwa sababu jibu hilo litarudi katika hatua ya 5.

2. Chagueni maneno ya kutafutia.

Wanafunzi wengi huandika swali zima kama wanavyolisema mdomoni. Si kosa, lakini huwanyima uwezo wa kuyaongoza matokeo. Waonyeshe mambo manne tu, moja baada ya jingine, huku wakiangalia jinsi orodha ya matokeo inavyobadilika.

La kwanza ni alama za nukuu: "Vita vya Maji Maji" ndani ya alama hizo huleta kurasa zenye maneno hayo yakiwa pamoja. La pili ni alama ya kutoa. Atakayeandika Majimaji peke yake ataletewa habari nyingi za klabu ya mpira wa miguu ya Songea yenye jina hilo. Aongeze 1905, au aandike -klabu -ligi mbele ya neno lake, na sehemu kubwa ya habari za mpira itaondoka. La tatu ni kuzuia utafutaji ndani ya aina moja ya tovuti: site:ac.tz huleta kurasa za vyuo vya Tanzania peke yake, na site:go.tz za serikali. La nne ni kutafuta hati kamili kwa kuongeza filetype:pdf, amri ambayo mara nyingi huleta makala za kitaaluma na ripoti ambazo mwanafunzi asingezikuta katika ukurasa wa kwanza.

Watafute kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na waandike katika safu ya kwanza kila maneno waliyojaribu, hata yaliyoshindwa. Tahadhari: wanafunzi hupenda kuijaza safu hii mwishoni kwa kubuni. Pita meza kwa meza baada ya dakika kumi na usaini pale walipofika.

3. Someni orodha ya matokeo kabla ya kubofya.

Waambie mikono yote itoke kwenye kipanya kwa dakika mbili. Katika muda huo kikundi kisome matokeo yote ya ukurasa wa kwanza na kijibu: yapi ni matangazo ya kulipiwa? Je, juu kabisa kuna muhtasari ulioandikwa na akili mnemba (AI)? Ni tovuti za nani? Mtambo wa kutafuta hupanga kurasa kwa vigezo vyake wenyewe, na kuwa wa kwanza katika orodha si ushahidi wa ukweli.

Mwisho wa anwani hutoa dokezo la awali. Nchini Tanzania .go.tz ni ya taasisi za serikali, .ac.tz ya vyuo na taasisi za elimu, .or.tz ya mashirika yasiyo ya biashara, na .co.tz ya biashara; Kenya ina .go.ke, .ac.ke na kadhalika. Lakini dokezo hili lisigeuzwe kuwa hukumu. Anwani inayoishia na .org inaweza kununuliwa na mtu yeyote popote duniani, na tovuti ya serikali inaweza kubeba ukurasa wa zamani ambao hakuna aliyeusahihisha.

4. Tokeni kwenye ukurasa ili kuupima.

Hapa ndipo mafunzo mengi yanapoharibika, na ndipo ningekuomba utumie muda mrefu zaidi. Desturi iliyozoeleka ni kumpa mwanafunzi orodha ya kuangalia: je, tovuti ina mwandishi, ina tarehe, ina muonekano mzuri, haina makosa ya tahajia, ina sehemu ya "Kuhusu sisi"? Orodha hiyo humfungia mwanafunzi ndani ya ukurasa uleule anaotakiwa kuutilia shaka, na kila kitu kilicho katika orodha kinaweza kutengenezwa kwa ustadi na mtu mwenye nia ya kudanganya.

Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walilithibitisha jambo hili katika utafiti walioutoa 2017. Waliwaweka mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 (watu ambao kazi yao ni kuthibitisha ukweli wa habari), na wanafunzi 25 wa chuo hicho, kisha wakatazama jinsi kila mmoja alivyoipima tovuti asiyoijua. Wanafunzi, na hata wanahistoria wengi, walibaki ndani ya tovuti wakisoma kwa makini kutoka juu hadi chini, na mara nyingi walidanganywa na nembo, jina la kitaalamu na orodha ya marejeo. Wahakiki wa habari walifanya kinyume: baada ya muda mfupi waliuacha ukurasa, wakafungua vichupo (tabs) vipya, na kutafuta watu wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Walifika kwenye jibu sahihi zaidi, tena upesi zaidi.

Fundisha hivyo. Andika ubaoni maswali matatu yanayotumiwa na watafiti haohao: Nani yuko nyuma ya habari hii? Ushahidi wake ni upi? Vyanzo vingine vinasema nini? Kisha fungua ukurasa mmoja uliouchagua jana, usome kichwa chake na jina la tovuti tu, ufungue kichupo kipya, utafute jina la tovuti hiyo au la mwandishi, usome mistari miwili mitatu ya kila tokeo, na useme kwa sauti unachowaza: "Tovuti hii ni ya kampuni ya utalii. Haina sababu ya kudanganya kuhusu vita, lakini pia haina mtafiti. Tarakimu hii wameitoa mahali pengine. Nitaondoka hapa niitafute huko." Onyesho hilo lifanye mara mbili kwa kurasa mbili tofauti kabla ya kuwaachia wao. Mwanafunzi hajifunzi tendo hili kwa kuelezwa, hujifunza kwa kumwona mtu akilitenda.

Hapa ndipo Wikipedia inapopata nafasi yake halali. Kwa kumtambua mwenye tovuti, gazeti, taasisi au mwanahistoria, makala fupi ya Wikipedia ni msaada mkubwa. Usiipige marufuku, kwa kuwa wataisoma kwa siri na kuficha. Waambie waitumie kuingilia, wala wasiandike jina lake katika safu ya "nani anasema": Wikipedia hukusanya yaliyosemwa na wengine, kwa hiyo mwenye dai ni yule aliye katika tanbihi chini ya makala. Wajulishe pia kwamba makala za Kiswahili kuhusu mada moja mara nyingi ni fupi kuliko za Kiingereza, hivyo ni vema kuzilinganisha mbili hizo.

5. Fuateni dai hadi kwenye asili yake.

Wiki ya pili ianze kwa kuandika ubaoni tarakimu zote zilizopatikana na vikundi, kila moja ikiwa na anwani yake. Kisha kila kikundi kichague tarakimu moja na kuifuata nyuma: ukurasa huu umeitoa wapi, na huko kulikotajwa kumeitoa wapi, mpaka kisipoweza kuendelea.

Mambo yatakayojitokeza, ukiwasaidia kidogo, ni haya. Tarakimu ya 75,000 inatokana na makadirio rasmi ya upande wa Wajerumani, yaani upande uliopigana na kushinda vita. Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, aliandika kitabu chake kuhusu uasi huo mwaka 1909, na mwanafunzi anapaswa kujiuliza gavana aliyeongoza ukandamizaji angependa vita vyake vikumbukwe vipi. Tarakimu ya kati ya 250,000 na 300,000 inahusishwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyefanya utafiti wake kwa wazee wa Umatumbi, eneo ambako vita vilianzia. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walianza mradi wa kukusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee wa sehemu mbalimbali, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kutoka upande wa waliopigana imetokana na kazi ya namna hiyo.

Tofauti kati ya tarakimu hizo inaweza kuwa na sababu ambayo wanafunzi wanaweza kuifikia wenyewe, ukiwarudisha kwenye jibu lao la hatua ya 1. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Anayehesabu waliouawa na anayehesabu walioangamia hawahesabu kitu kimoja. Kikundi kilichoandika siku ya kwanza kwamba watahesabiwa wa risasi peke yao sasa kina uamuzi wa kufanya, na mjadala unaozuka hapo una thamani kuliko mhadhara wowote kuhusu upendeleo wa vyanzo.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuhesabu kurasa kama kura. Mwanafunzi atakuambia kwamba 300,000 ni sahihi kwa kuwa ameikuta mahali pengi. Mfanye aangalie tarehe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na vyombo vingi vya habari duniani viliandika kuhusu ziara hiyo vikitaja kwamba watu waliokufa walifika hadi 300,000. Habari nyingi zilizotoka siku moja kuhusu tukio moja, nyingine zikiwa zimetokana na shirika moja la habari, ni chanzo kimoja kilichorudiwa. Waagize waandike idadi ya vyanzo vinavyojitegemea badala ya idadi ya kurasa.

6. Andikeni hitimisho lenye kiasi cha uhakika.

Wape mfano wa namna hii, kisha uufute kabla hawajaanza kuandika: "Makadirio rasmi ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tunayapa makadirio ya pili uzito zaidi kwa sababu yanazingatia njaa na yametokana na mtu aliyewasikiliza wenyeji, lakini kwa kuwa hapakuwa na sensa ya kuaminika kabla ya vita, idadi kamili haiwezi kuthibitishwa." Aya fupi kama hiyo inataja nani anasema, inachagua, inaeleza sababu ya kuchagua, na inakiri mpaka wa ushahidi. Kikundi kinachochagua 75,000 kwa sababu iliyoelezwa vizuri kipewe alama zake, kwa kuwa kinachopimwa ni hoja.

7. Kagueni picha.

Picha hubofywa bila kufikiriwa. Mpe kila mwanafunzi picha moja inayodaiwa kuwa ya Vita vya Maji Maji, aipakie kwenye Google Lens au TinEye, aone ilitokea wapi kwanza na kwa maelezo gani. Sababu ya kuwa waangalifu hapa ni ya kihistoria: wakati uleule Wajerumani walipigana na Waherero na Wanama katika Namibia ya leo, kuanzia 1904 hadi 1908, na picha za wafungwa wa makoloni hayo mawili ni rahisi kuchanganywa na mtu asiyejali. Picha isiyojulikana mahali wala mwaka isiingie kwenye kazi.

8. Wekeni masharti ya akili mnemba.

Wanafunzi wataitumia nje ya shule hata ukiikataza, kwa hiyo ni bora masharti yawe wazi. Programu hizi huandika kwa ufasaha mkubwa na hutaja vitabu na makala, ambazo baadhi yake hazipo kabisa. Fanya onyesho: iulize programu swali letu na uiombe marejeo, kisha gawa marejeo hayo, kila kikundi rejea moja, wayatafute kama yapo na kama yanasema kinachodaiwa. Baada ya onyesho hilo masharti mawili yatakubalika bila ubishi. Programu inaweza kusaidia kupendekeza maneno ya kutafutia au kurahisisha aya ngumu ya Kiingereza ambayo mwanafunzi anayo mkononi. Haiwezi kuandikwa katika safu ya "nani anasema". Majina ya wanafunzi, namba za simu na matokeo ya mitihani yasiingizwe humo kamwe.

9. Toeni rejea, na hamishieni ujuzi kwenye habari za kila siku.

Rejea ya mtandaoni kwa kiwango cha sekondari iwe na mambo matano: mwandishi au taasisi, kichwa cha ukurasa, jina la tovuti, anwani kamili, na tarehe iliyofunguliwa. Kiungo cha mtambo wa kutafuta si rejea. Maneno yaliyochukuliwa kama yalivyo yawekwe ndani ya alama za nukuu, na mengine yote yaandikwe upya baada ya ukurasa kufungwa. Mwanafunzi anayeandika huku ukurasa uko wazi atanakili hata asipokusudia.

Malizia kwa dakika kumi na tano za ujumbe wa WhatsApp. Chagua uvumi mmoja wa afya, ajira au mitihani ambao haumdhalilishi mtu, na waupime kwa maswali yaleyale matatu ya hatua ya 4. Wajulishe wahakiki wa habari wanaofanya kazi katika eneo letu: PesaCheck, Africa Check, na kwa Tanzania JamiiCheck na Nukta Fakti, ambao hutoa uchambuzi wao kwa Kiswahili. Waeleze pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inaweka adhabu kwa anayechapisha habari za uongo akijua ni za uongo, na kwamba kumtumia rafiki ujumbe wenye picha au namba ya mtu humdhuru mtu huyo hata kama aliyetuma alikuwa na nia njema.

KUSAHIHISHA

Kati ya alama 20, toa 10 kwa karatasi ya kumbukumbu, 6 kwa hitimisho na 4 kwa rejea. Mgawanyo huu ndio tiba ya kweli ya kunakili. Mwanafunzi akijua kwamba insha nzuri isiyo na karatasi haipiti alama 10, hana faida ya kuitafuta insha iliyokwisha andikwa.

MATATIZO NA UTATUZI WAKE

Vikundi vyote vimeleta ukurasa mmoja. Wote wamebofya tokeo la kwanza. Gawa utafutaji: kikundi kimoja kitumie site:ac.tz, kingine kitafute kwa Kiingereza, kingine kitafute PDF peke yake.

Ukurasa uliohifadhiwa katika rejea haufunguki tena. Nakili anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za wavuti tangu 1996. Mara nyingi nakala ya zamani itapatikana, na tarehe ya nakala hiyo iandikwe katika rejea.

Chanzo muhimu kiko kwa Kijerumani au kwa Kiingereza kigumu. Tumia mfasiri wa mtandaoni kuelewa maana ya jumla, lakini tafsiri ya mashine isinukuliwe kama maneno ya mwandishi. Tarakimu na majina yahakikiwe kwenye maandishi ya asili, kwa sababu hayo yanasomeka katika lugha yoyote.

Mwanafunzi anasema babu yake amemsimulia tofauti. Usimkatize. Masimulizi ya wazee ni chanzo, na historia ya Maji Maji isingeandikwa bila hayo. Ajaze safu zilezile: nani anasema, aliyaona mwenyewe au aliyasikia kwa nani, na anatoka wapi. Amwombe babu ruhusa kabla ya kuandika jina lake katika kazi itakayosomwa na wengine.

Mwanafunzi mmoja katika kikundi anashika kipanya muda wote. Badilisha mwongozaji kila hatua inapoisha, na mwandishi wa karatasi awe mtu mwingine kila mara.

Baada ya mazoezi haya wanafunzi wanasema hakuna chochote cha kuaminiwa mtandaoni. Tatizo hili ni zito kuliko yale yaliyotangulia, na husababishwa na mwalimu aliyetoa mifano ya udanganyifu peke yake. Kipindi kinachofuata wape swali lenye jibu thabiti: idadi ya watu wa Tanzania. Watafute tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wakute matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, watu 61,741,120, kisha waeleze kwa nini kurasa nyingine bado zinasema 44,928,923. Watagundua kwamba hiyo ya pili nayo ni sahihi kwa sensa ya 2012, kwamba kasoro iko kwa aliyeitumia bila kutaja mwaka, na kwamba jibu la swali lao linaweza kuandikwa bila neno "huenda".